Jemadari Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa presha amenikataza kukasirika. Nikamwuliza, je, na wanaonikasirisha umeshawakataza? Akacheka, akaandika dawa zilezile. Mjukuu wangu Najma, anayesoma chuo na kukaa hosteli za Mabibo, ndiye aliyeninunulia daftari hili. Amesema hasira ikinipanda nisifungue mdomo, niandike. Haya, naandika.

Jirani yangu Venance amenunua mbwa.

Tunapakana ukuta. Ukuta ni wake, na hakukosa kuniambia hivyo siku fundi alipoweka tofali la mwisho. Tangu betri ya gari ilipoibwa mtaa wa pili hana usingizi, basi leo kamshusha mnyama kutoka kwenye pikapu huku akiita watu waje kutazama. Manyoya mazito kama blanketi, macho ya buluu, ulimi unaning'inia. Akaniambia, "Mbwa wa jeshi la Urusi huyu, mama. Anaitwa Jemadari. Mwizi akiingia hapa hatoki." Jemadari alikuwa anahema kama mtu aliyepandisha gunia la mchele ghorofani, na jambo la kwanza alilofanya ni kumlamba Gregori, mlinzi wao, kidevu. Jeshi gani hilo.

Banda kamjengea upande wangu. Tofali, bati juu, mlango wa chuma, kufuli. Ng'ambo ya hapo ndipo palipo jiko langu la nje, rafu za vyombo ninavyokodisha kwa shughuli za watu, na mkeka wangu wa kuswalia. Kiwanja chake kina pembe nne, kaichagua hiyo.

Jumatano, 6 Machi

Habweki. Analia. Anapandisha sauti kama mwanamke aliyeletewa habari ya msiba, anaishusha, anaanza upya. Kutwa nzima.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa mjumbe wetu, Khalfani. Tumekua wote Msasani, kabla wazee wetu hawajauza viwanja na sisi kusogezwa huku Boko, kwa hiyo sina haja ya kuzunguka mbuyu naye. Nimemwambia mbwa ananiharibia swala, wateja wanaofuata sufuria wanaogopa kuingia, na Ramadhani hiyo inabisha hodi. Nikamwambia pia, kwa mdomo wangu huu, kwamba mbwa yule ni hatari. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira tu. Khalfani akasema, "Nimekusikia, Bi Mwanabaraka. Nitazungumza naye."

Jumapili, 10 Machi

Ametoboa!

Nilikuwa nimeinama nasuuza sinia za maulidi ya watu. Nikaona udongo wa chini ya ukuta unacheza, kikatoka kipua, likatoka lichwa, kisha akatoka mzima, mchafu kama katolewa kaburini. Hakunitazama. Akaenda moja kwa moja chini ya tangi langu, pale bomba linapovuja na kufanya tope, akalaza tumbo lake kwenye tope na kufumba macho. Nikamtimua kwa sauti, hakutikisika. Nikamwagia ndoo ya maji ili akimbie. Akageuka chali, miguu juu, nimwagie na upande wa pili.

Gregori alipokuja kumchukua, mbwa akanipangusa kanga yangu yote kwa ubavu wake. Nimeosha mguu mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo, na kanga nayo vivyo hivyo. Kiuno kinaniuma. Venance kaja kuziba shimo kwa zege na kumwaga sakafu ya zege banda zima. Nilingoja pole. Akasema, "Umeona nguvu hizo, mama?"

Jumanne, 12 Machi

Mwezi umeandama, leo ndiyo chungu cha kwanza cha Ramadhani. Joto halina mfano, mawingu yanakuja yanapita. Nimemwomba Mungu subira. Jemadari alianza kulia kabla sijamaliza kuomba.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemsimamisha Gregori getini. Kijana wa Masasi, mrefu, mpole hadi anakera. Akaniamkia shikamoo kwa mikono miwili. Nikamwuliza kwa nini mnyama yule analia kutwa, akatazama viatu vyake.

"Bosi anasema mbwa akizoea watu anapoa, bibi. Mchana asione mtu, akae gizani, usiku ndo nimfungulie. Na ugali wake lazima uwe na pilipili. Hasira ndo zinajengeka hivyo."

Nikamwuliza na maji je. Anapewa asubuhi, akimwaga basi hadi jioni, kwa sababu ufunguo wa banda anatembea nao bosi. Nikamwambia yeye ni jiwe, hana moyo. Akasema, "Mie nimeajiriwa, bibi." Nikampa mgongo.

Si kwamba maneno yale ni mageni kwangu. Mji mzima huu watu husema hivyo: mfungie mbwa gizani, mlishe pilipili, akitoka atauma hata kivuli chake. Nimeyasikia maisha yangu yote na sijawahi kuyawazia. Ila sijawahi pia kukaa upande wa pili wa ukuta, nimefunga, midomo imenikauka, nikamsikia mwenye kiu mwenzangu.

Jumamosi, 16 Machi

Najma kaja kufuturu. Kabla hata hajamaliza uji alisikia kilio, akapanda kwenye ngazi kumchungulia, ndiyo kwanza kafunguliwa, akatoka hapo na simu mkononi. Akaniambia yule si mbwa wa jeshi la mtu yeyote. Ni haski. Asili yake ni Siberia, kaskazini kabisa, nchi ya theluji. Watu wa huko wanaitwa Wachukchi, ndio waliowafuga mbwa hao zamani, wakiwafunga kwenye magari yasiyo na matairi wayavute juu ya barafu.

"Na wanasema, bibi, usiku walikuwa wanalala na watoto, wapeane joto. Ndo maana wanapenda watu. Mwizi akija, huyo atamkaribisha. Hata kubweka habwekagi, anaimba tu."

Nimelala nikiwaza. Mbwa ambaye babu zake walikuwa blanketi la watoto, leo yuko Boko chini ya bati, anafundishwa kuchukia watu kwa pilipili.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemweleza Venance. Nilivaa baibui langu zuri, nikaenda kwa adabu, nikamweleza Siberia yote. Akanisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto akihadithia ndoto. Kisha akasema, "Mama, mbwa mwenye huruma si mbwa, ni mgeni. Na mie sikununua mgeni." Mkewe, Jenipher, alikuwa kakaa barazani anachagua maharage, hakuinua uso. Tangu wahamie hapa sijasikia salamu yake. Wanajiona. Wote wawili.

Nimepitia kwa Khalfani. Anasema atazungumza naye.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua, hatimaye. Jemadari hakulia.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Banda lake limejaa maji, maana zege ile haina mteremko wala tundu. Namsikia akitembea chapa, chapa, chapa. Hana pa kulala.

Jumapili, 24 Machi

Venance kaleta kinyozi. Nasema kinyozi, yule wa saluni ya pale kituoni, na mashine yake ya kunyolea wanaume. Kwa kuwa nimesema mbwa ana joto, basi dawa ni kumnyoa. Wamemnyoa hadi ngozi, akabaki wa pinki kama kifaranga cha bata. Najma kaniambia kwenye simu, karibu alie, kwamba manyoya yale ndiyo pia kinga yake ya jua, mbwa wa aina hiyo hanyolewi. Mimi ndiye niliyelipeleka neno la joto kwa mjinga. Nina hasira naye na nina hasira na mimi.

Jumatano, 27 Machi

Jua kali baada ya mvua, lile la kuchemsha ardhi. Jana walimfunga juani kutwa ili banda likauke, na leo mgongo wake una malengelenge. Nilimwona alipotolewa jioni.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu yao. Wamepakia gari kwenda Songea kwa Pasaka. Nimechungulia juu ya ukuta nikauliza, na mbwa? Venance kasema Gregori yupo, chakula kipo, na mbwa akikaa siku hizo bila kumwona mtu ndiyo ataiva vizuri. Akapiga honi, wakaondoka.

Jumapili, 31 Machi

Naandika baada ya futari.

Jana alilia kutwa. Nilimlaani. Nilisema kwa sauti, Mungu amnyamazishe, tena mchana wa Ramadhani. Leo akanyamaza.

Asubuhi nilifurahi. Nikasoma juzuu yangu kwa utulivu. Adhuhuri jua likatoka, bati la banda likaanza kulia ta, ta, kama linavyolia linapotanuka, na yeye kimya. Nikajikuta nimesimama ukutani, natega sikio. Nikagonga kwa mwiko. Kimya. Nikagonga tena, ikaja sauti ya kukwaruza zege, mara moja tu.

Nimekwenda getini mbio, kwa umri huu. Gregori alikuwa kakaa chini ya kivuli, uso umemvimba. Alikuwa analia, mtu mzima. Bosi kaondoka na ufunguo. Kasahau au kakusudia, hajui, simu yake haipatikani tangu jana. Chakula anasukuma kwa uwazi wa chini ya mlango, lakini bakuli la maji halipiti, na lile la ndani mbwa alilipindua siku ileile ya Ijumaa. Amejaribu kumwaga maji kwa chini, zege ya moto ikayakausha. Amejaribu kuvunja kufuli kwa jiwe, mkono wake umechanika, kanionyesha. Huyu ndiye niliyemwita jiwe.

"Bibi, atakufa. Na nikivunja mlango wa bosi, kazi sina."

Nikamwambia mlango ni wa bosi wake, lakini upande wangu wa ukuta siajiriwi na mtu.

Nina tindo na nyundo aliyoacha marehemu mume wangu. Nimepiga ule ukuta kutoka jikoni kwangu, kwa swaumu, jua la utosi. Plasta ikamwagika kwenye sinia za watu. Tofali la kwanza lilinitoa machozi, la pili likatoka kirahisi, nadhani fundi alimwibia saruji. Joto likanipiga usoni kama nimefunua tanuri. Mkojo, ugali uliochacha, pilipili. Ndani kule mbwa alikuwa kalala ubavu, ngozi nyekundu, macho yake ya buluu yamefunguka nusu. Alipoona mwanga hakuja. Hakuwa na uwezo wa kuja.

Nikapitisha mpira wa maji. Nikammwagia mgongo, masikio, miguu, nikamwita. Sijawahi kumwita kwa jina. "Jemadari. Wewe, Jemadari. Amka, mwana wa watu." Baadaye sana akajikokota akaja kuegemeza kichwa tunduni. Sikuwa na bakuli. Nikatazama rafu, nikachukua sufuria ya pilau, ile pana yenye ukingo uliobonyea, nikaijaza na kuisogeza. Akanywa. Aliyanywa kwa kelele, akitapika, akinywa tena, ulimi umezama humo mzima. Sufuria hiyo imepikia harusi nusu ya mtaa huu. Haitapika tena.

Mate yake yalinirukia mkononi. Nilipokwenda kuosha mara saba nikatambua kwamba sijakasirikia mate. Nimemkasirikia mtu wa Songea, kwa hasira ambayo kidonge cha daktari hakiijui.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Kichwa cha Jemadari kimekaa tunduni kutwa, kinatazama ninavyopika futari. Gregori kamletea dagaa zisizo na pilipili. Nimemwomba radhi Gregori. Kasema, "Yameisha, bibi."

Jumanne, 2 Aprili

Wamerudi, na mambo yameharibika.

Venance hakuuliza mbwa yu hai. Aliona tundu. Akaja kwangu kuniambia nimevunja mali yake, kwamba ukuta huo ni pesa zake, kwamba angekuwa mtu mwingine angeniita polisi. Nikamwambia aite, na ufunguo auchukue, polisi wauone. Akaenda kwake kwa hasira kufungua banda. Jemadari alikuwa bado kaweka kichwa upande wangu. Venance akaushika mnyororo na kumvuta kwa nyuma, kwenye shingo yenye malengelenge. Mbwa akapiga ukelele, akageuka, akamuuma mkono. Mara moja, akamwachia, akarudi kuweka kichwa tunduni.

Niliona kwa macho yangu. Damu ilitoka. Jenipher akamkimbiza hospitali akachomwe sindano.

Alhamisi, 4 Aprili

Kikao kwa Khalfani, barazani kwake, sisi tuliofunga na wao wasiofunga. Venance kaja na bendeji kubwa kuliko jeraha. Anasema mbwa ana kichaa, apigwe risasi leo. Alikuwepo Kokushubila, bibi mifugo wa kata, mwanamke wa Bukoba asiyecheka ovyo.

Venance akasema maneno ambayo nitayakumbuka hadi nazikwa: "Si mie tu ninayesema. Bi Mwanabaraka alikuja hapa mwenyewe akasema mbwa huyu ni hatari. Mjumbe, uongo?" Khalfani akasema si uongo. Watu wote wakanigeukia.

Nikasema nilisema, na nilisema kwa hasira, na kwamba tangu siku ile nimelala karibu zaidi na mbwa huyo kuliko bwana wake. Nikaeleza ufunguo, pilipili, kiu. Venance akacheka, akasema, mama anamtetea mbwa mwezi wa Ramadhani, dunia imekwisha.

Kokushubila akauliza kama mbwa amechanjwa. Venance akasema chanjo humpooza mbwa. Hapo ndipo Jenipher aliposimama. Mwanamke ambaye sijawahi kusikia salamu yake.

"Hana kichaa. Alivutwa kidonda. Na ufunguo hukuusahau, Venance, nilikwambia njiani turudi ukakataa."

Akakaa. Alisogeza kiti chake mbali na mumewe. Siku zote nimesema anajiona, kumbe anaogopa kufungua mdomo.

Kokushubila akasema utaratibu uko wazi. Mbwa aliyeuma huangaliwa siku kumi. Akifikia ya kumi mzima, anakula, hana kichaa. Akiugua, atakufa hata bila risasi. Anayemchukua ni nani? Venance akasema kwake harudi. Khalfani akatazama dari. Wanaume wote barazani wakatazama viatu.

Nikasema nitakaa naye mimi. Khalfani akaniambia taratibu, Bi Mwana, wewe? Kokushubila akanionya nisimguse katika siku hizo. Nikamwambia wala asihofu, mimi mbwa simgusi, ni najisi.

Ijumaa, 5 Aprili

Yuko chini ya tangi, kamba ndefu, kivuli cha turubai langu la shughuli. Kokushubila kanipa masharti yake: maji muda wote, pakavu pa kulala, asitembezwe jua likiwa juu, mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe maana hupasuka na kuchana matumbo, pilipili marufuku. Kidonda kapaka dawa mwenyewe, kavaa glavu. Ameondoka bila kunywa maji akijua nimefunga. Nampenda.

Jumapili, 7 Aprili

Mteja wa shughuli ya Kunduchi kaghairi vyombo. Kasema kasikia naishi na mbwa. Nilimwonyesha kwamba sufuria ya mbwa iko peke yake, mbali, imefungwa utepe mwekundu. Akasema hata hivyo. Nimemtazama hadi akageuka getini. Watu haohao wamepita njia ile mwezi mzima, kilio wamekisikia, hakuna aliyeuliza kama yule mnyama kanywa maji.

Jumatatu, 8 Aprili

Ameimba wakati wa daku. Nimemtukana, kisha nikatubu.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Najma kaja, wengine hawakuja. Nilipika pilau kwa sufuria ndogo, ikatosha, ikabaki. Wifi yangu kapiga simu kusema malaika hawaingii penye mbwa. Nimemjibu kwamba mbwa yuko uani, ndani hajaingia, na kwamba kisa cha mtu aliyemnywesha mbwa kwa kiatu chake akasamehewa dhambi tulifundishwa chuo kimoja, mimi na yeye, kama kakisahau si kosa la malaika. Akakata simu. Idi Mubarak.

Adhuhuri Jenipher akapitisha sahani tunduni, keki kapika mwenyewe. Akasema shikamoo mama. Tumekaa kila mmoja upande wake wa ukuta tukala. Alisema Venance alipokuwa mdogo aliwahi kuumwa na mbwa, na tangu hapo anapenda vitu ambavyo vitamwogopesha mtu mwingine badala yake. Nikamwambia hiyo ni sababu, si ruhusa.

Jumamosi, 13 Aprili

Bibi mifugo kaja. Jemadari mzima, kala, kamwimbia. Kamchoma chanjo. Manyoya yameanza kuota, laini kama ya mtoto. Gregori kamtembeza barabara ya vumbi alfajiri kabla ya kuingia zamu, kwa hiari yake.

Jumapili, 14 Aprili

Nilijua atakuja, lakini sikujua atakuja anatabasamu.

Venance alisimama getini kwangu na mnyororo mpya mkononi. Bendeji imetoka. Kaongea kwa sauti ya mtu anayeleta heri.

"Mama, asante kwa kunitunzia. Sasa kaiva. Alivyoniuma mie mwenyewe, mwizi je? Ndo nilichokuwa nakitafuta. Namrudisha bandani."

Siku kumi zilizopita alitaka kumpiga risasi kwa sababu kauma. Leo anamtaka kwa sababu kauma. Nikatamani ile nyundo. Kisha nikakumbuka kwamba sheria iko kwake: mbwa kamnunua yeye, na Khalfani atasema atazungumza naye.

Nikafungua geti lote. Nikamwambia ni haki yake, aingie amchukue, mimi simgusi.

Akaingia. Jemadari alikuwa kalala pembeni ya miguu yangu, na kamba nilikuwa nimemfungua apumzike. Akainuka. Sijawahi kusikia sauti ile kwake tangu aje Boko. Si kilio, si wimbo. Ilitoka chini kabisa, kama gari kubwa linalowashwa mbali, na midomo ikapanda, na meno yakaonekana yote. Hakuniacha. Alisimama mbele ya kanga yangu, akimtazama mtu mmoja tu.

Venance akarudi nyuma hatua, akashika geti. "Mama, mfunge."

"Nimfunge? Mwizi akiingia itakuwaje?"

"Mama, mie si mwizi. Mie ndo bwana wake."

"Basi mwite."

Akaita. Jemadari. Jemadari. Sauti ikawa inapungua. Nyuma yake Gregori kasimama njiani, kaweka mikono mfukoni, na Jenipher kwenye geti lake, hakusogea hata unyayo. Venance akawatazama wote wawili, akatazama mnyororo wake, akauzungusha mkononi, akaondoka. Alimtaka mbwa ambaye mtu akimwona haingii, na mbwa huyo kampata.

Nikakaa. Lile zigo likaja kuniegemea goti, likahema.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua kubwa. Tundu la ukuta bado lipo. Fundi wa Venance alikuja na tofali mbili, Jenipher akamrudisha.

Jumatatu, 29 Aprili

Kokushubila anasema mbwa wa namna hii hawakupaswa kuletwa pwani, ila huyu kaja na hawezi kurudi, basi ahurumiwe: asubuhi na jioni tu, mchana kivuli na tope. Tope kwangu lipo la kutosha. Bomba nilikuwa niite fundi alizibe. Sijamwita.

Jumapili, 12 Mei

Masika yanakwisha. Khalfani kaja asubuhi, kavaa kofia yake ya kazi. Akakohoa, akasimama mbali na tangi, akasema kuna malalamiko yameletwa ofisini.

Jirani Venance analalamika. Hapati usingizi. Alfajiri kuna kilio, kama cha msiba, kinapanda na kushuka, na kwa hali hiyo hawezi kwenda kazini. "Kwa hiyo, Bi Mwanabaraka, ni huyu mbwa wako."

Nilifungua mdomo kumsahihisha. Nilikuwa na maneno tayari, mbwa si wangu, mimi mbwa simgusi. Jemadari alikuwa kalaza tumbo topeni, jicho moja la buluu limefunguka, anangoja kama mimi.

Nikaufunga mdomo. Kisha nikamjibu Khalfani kwa adabu zote kwamba nimemsikia, na nitazungumza naye.